Sahani ya hotelini isiwe ya baba peke yake

Mchele wa Kyela hujitangaza wenyewe. Mama lishe akifunua sufuria kwenye banda lake Ipyana, harufu hufika barabarani kabla mteja hajachagua pa kukaa. Pembeni ya wali kuna maharage, samaki wa kukaanga kutoka Ziwa Nyasa, ndizi zilizopikwa na nyama, na mboga za majani. Kwa mtu aliyeshinda kwenye jaruba la mpunga au aliyekuwa akianika kakao tangu asubuhi, ni vigumu kupata starehe nyingine kwa bei hiyo.

Akiwaangalia vizuri walioketi kwenye mabenchi siku za kazi, mtu ataona kuwa wengi ni wanaume. Mwanamke yuko jikoni akipakua. Watoto hawapo.

Kula hotelini si kosa. Anayefanya kazi mbali na nyumbani lazima ale, na banda zuri la chakula ni mahali pa kupumzika, kupata habari za bei ya mpunga na kucheka na wenzake. Tatizo linaanza pale ambapo samaki mzima, nyama na supu vinakuwa chakula cha mchana cha baba, huku nyumbani wakila wali na mboga ile ile siku baada ya siku. Inakuwa familia moja yenye lishe mbili.

Neno la wazee

Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza nao kwa adabu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson wa Afrika Kusini, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alilipa neno hilo nafasi kubwa katika kitabu chake Good Company kilichotoka mwaka 1951.

Alieleza jinsi wavulana wa miaka 10 au 11 walivyojenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja na kulala huko. Lakini kula walirudi kwa mama zao, tena kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mezani hapo ndipo walipojifunza kuzungumza na kusikilizana. Kwa Wanyakyusa, mazungumzo ya namna hiyo yalikuwa sehemu kubwa ya malezi.

Mduara huo, hata hivyo, ulikuwa wa wanaume. Benchi la mama lishe limeurithi, uzuri wake pamoja na pengo lake.

"Huyu ni wangu wote?"

Baba mmoja wa Ipyana, mkulima wa mpunga mwenye watoto watatu, aliliona pengo hilo akiwa mezani. Kwa miaka kadhaa alikuwa na banda lake analolipenda. Mama mwenye banda alijua kiti chake, alijua anapenda samaki wa kukaanga na pilipili pembeni, na siku asipokuwa na hela alimwandikia kwenye daftari.

Msimu mmoja, baada ya kuuza mpunga, aliamua kuwapeleka wote Jumapili baada ya ibada: mkewe, binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na mdogo wao wa miaka 4.

"Shikamoo mama," walisema watoto.

"Marahaba wanangu, karibuni. Leo baba yenu amekumbuka kuwa ana familia," alitania mama mwenye banda. Watu wakacheka, baba naye akacheka.

Sahani zikaja. Mvulana alikaa akimtazama samaki wake bila kumgusa.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Baba, huyu ni wangu wote?"

Binti yeye alikuwa ameshamega nusu ya samaki wake na kuiweka pembeni, kwa mazoea. Nyumbani kwao samaki mmoja hugawanywa kwa watu watano, na kipande kikubwa huwekwa kando, kimefunikwa, kimsubiri baba arudi. Kiliwekwa hata siku ambazo baba alikuwa ameshakula samaki mwingine hotelini. Hakuwahi kusema kuwa ameshakula, na hakuna aliyemuuliza.

Mkewe hakusema neno pale bandani. Aliendelea kumtolea mdogo miiba. Jioni ndipo alipouliza.

"Kumbe mchana huwa unakula samaki, baba watoto?"

"Ndiyo. Mara mbili, tatu kwa wiki."

"Basi siku hizo niambie. Cha kwako nitawapa watoto."

Hapakuwa na ugomvi. Tangu siku hiyo baba akirudi husema alichokula mchana, na kipande kile huenda kwa watoto. Aliendelea na banda lake, ila alipunguza siku za samaki, na alichookoa kikatosha kuirudisha familia pale kila baada ya mavuno na siku moja moja katikati.

Kipande kimoja kina uzito gani?

Huenda mtu akaona ni jambo dogo, kipande cha samaki tu. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini, 30 wamedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayosifika kwa kulisha nchi, ndiyo iliyokuwa na hali mbaya zaidi. Ghala kujaa na mtoto kukua vizuri ni mambo mawili tofauti.

Tumbo la mtoto ni dogo. Akijazwa wali na mchuzi mwepesi atashiba, lakini mwili wake utabaki ukidai protini, madini ya chuma na zinki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au yai kila siku. Kwa hiyo kipande kilichofunikwa kinapomwendea aliyeshiba, kinamkosa anayekihitaji zaidi.

Habari njema kwa wakazi wa Kyela ni kwamba si lazima awe mbasa. Usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo humpa mtoto protini na kalsiamu kwa pamoja. Mafuta ya mawese yakiwa bado na rangi yake nyekundu yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Yakichomwa mpaka yakapauka, viini hivyo hupotea.

Kuchagua banda la kuwapeleka watoto

Banda ambalo mtu mzima analivumilia si lazima limfae mtoto. Kyela ni bonde lenye mvua nyingi, mafuriko huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo, na wilaya imewahi kukumbwa na milipuko ya kipindupindu. Mzazi makini hutazama mambo machache kabla ya kuagiza.

La kwanza ni moto. Chakula kitoke jikoni kikifuka moshi. Kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Wali ndio unaosahaulika zaidi: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huhimili kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto tena. Mtoto anaweza kuanza kutapika ndani ya saa chache. Wali wa asubuhi uliokaa mpaka alasiri usimshawishi mtu kwa harufu yake.

La pili ni maji. Ya kunawa yawe ya kumiminika, pamoja na sabuni. Beseni moja ambalo kila mteja huchovya mkono halimsafishi mtu. Ya kunywa yawe yamechemshwa au yametibiwa. Kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana ni afadhali mtoto aiache, ale mboga zilizopikwa.

La tatu ni soda. Kwa watoto wengi ndiyo furaha ya kutoka, na hakuna haja ya kuwavurugia siku. Lakini chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayoweza kufikia vijiko 8 vya chai au zaidi, na ikinywewa kwanza humaliza nafasi ya samaki. Watoto wawili wanaweza kugawana moja baada ya kula.

Mama lishe mzuri hachukii kuulizwa maswali hayo. Anayefunika chakula chake na kutenga kisu cha samaki wabichi na cha nyanya hufurahi kuona mteja ameliona hilo.

Kama ikitokea mtoto ameharisha baada ya kula nje, apewe maji ya ORS mapema na apelekwe kituo cha afya akapatiwe pia vidonge vya zinki. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa au akitoa choo chenye damu, asisubiri kesho.

Wasioweza wote

Wapo wazazi ambao kuwalipia watu watano kwa mara moja ni ndoto, hasa miezi ya kabla ya mavuno, mpunga ukiwa bado shambani na ghala limepungua. Wanaweza kumpeleka mtoto mmoja mmoja kwa zamu. Dakika arobaini za kukaa na baba bila ndugu zake kumkatiza, mtoto huzikumbuka kuliko alichokula. Hapo pia atajifunza kusalimia wakubwa, kusubiri sahani yake, kumshukuru aliyepika kwa kusema "ndaga", na kunawa kabla na baada.

Na siku ya soko, baba ambaye moyo umemtuma kula samaki anaweza kumwambia mama mwenye banda amfungie wa moto, akaenda naye moja kwa moja nyumbani, akamgawanya mbele ya wote akianza na mdogo.