Nilivyomcheka daktari wa mganda

Haya ndugu zangu, leo naungama.

Juzi rafiki yangu mmoja hapa Dar alinikaribisha kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anajifanya mtu wa nchi ya kubuni: askari, mchawi, mwizi. Kabla hatujaanza, mwenye mchezo akanisomea historia ya falme zote na miungu yao. Kurasa kwa kurasa! Nikasinzia. Nikajiuliza, haya yote ya nini kwa mgeni? Si nirushe dadu tu nicheze?

Usiku nikakumbuka Maguu.

Kwetu Umatengoni, na kule chini ziwani Mbamba Bay, watu wanacheza mganda. Wanaume wamevaa nyeupe, soksi hadi magotini, wanakwenda kama gwaride huku vibuyu vya kupuliza vinalia na ngoma kubwa inajibu. Ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Nayo ina vyeo: kingi, kapteni, daktari. Kila mtu pale anakuwa mtu mwingine, sawasawa na pale mezani.

Babu yangu alikuwa daktari wa kundi lao. Koti jeupe, anapita mstarini kumpima kila mchezaji. Mimi, mwandishi mchanga niliyerudi likizo, nikaandika makala ya kejeli kwamba wazee wetu wanaigiza Wazungu. Gazeti likafika kijijini. Babu akasomewa.

Hakunigombeza. Akanivutia kigoda, akasema: "Mjukuu wangu, baba yangu alibebeshwa mizigo ya vita ile ya 1914. Wenzake walikufa njiani kwa kuhara na homa, hakuna aliyewashika hata mkono. Ndiyo maana mimi mstarini simruki mtu."

Jamani! Wapagazi wa vita ile walikufa wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, hilo nilishalisoma shuleni. Lakini nilikuwa nimeitazama ngoma ile tangu utotoni, na sikuwa nimeona kitu.

Jumapili nikaingia mstarini, wa mwisho kabisa, nakosea hatua. Babu alipofika kwangu akanishika mkono. Sikucheka.

Basi, mgeni anahitaji historia? Anaihitaji sana, ila si yote kwa mkupuo. Babu hakunianzia pwani ya Kenya. Alinipa kisa cha cheo kimoja, kile kile nilichokicheka, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Yule mwenye mchezo angeniambia tu kwa nini mchawi wangu alifukuzwa kwao, tungekesha.

Kisa cha kapteni sikuwahi kumuuliza Babu. Tumeshamzika.

Je, wewe kwenu nani bado anacheza, na umeshamuuliza?