Sikio la Mwenzetu

Lugha yetu ina neno zuri ambalo wanamichezo wamelizoea kuliko wanamuziki, nalo ni ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye bila ya kutazamia mshahara. Neno hilo limebeba maana mbili ambazo hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja: kukubali jambo kwa hiari, na kuwa radhi nalo moyoni. Katika insha hii twapenda kuwazungumzia wapiga piano wa ridhaa, yaani watu ambao mchana wana kazi zao nyingine, na usiku huketi mbele ya kinanda, wakanasa sauti ya upigaji wao, kisha wakawapelekea wenzao ili waambiwe ukweli. Sisi nasi tu miongoni mwao, na tuyasemayo hapa tumeyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio.

Huenda msomaji akauliza: piano yahusu nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Swali hilo ni la haki, na si jipya. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alieleza kwa nini ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akauliza kwa masikitiko ni wasomi wangapi wajuao kupiga ngoma za kwao, hali wengi wamekwisha jifunza gitaa na piano. Lakini katika hotuba ile ile alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine halina akili timamu. Lililo muhimu ni kujifunza pasipo kuvitupa vya kwetu. Sisi tuliozaliwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha tulilelewa na maneno hayo mawili kwa pamoja, na tangu hapo tumekuwa tukijiuliza yakutane wapi. Jibu tulilolipata ni kwamba yanakutana katika namna ya kusikilizana. Chombo chaweza kutoka ng'ambo, lakini adabu ya kumkosoa mwenzako na kukosolewa naye tulikuwa nayo kabla ya piano ya kwanza kushushwa katika pwani yetu.

Kikundi chetu ni kidogo. Yumo mwalimu wa hesabu, yumo muuguzi, yumo fundi cherehani, yumo mzee mstaafu wa karakana ya reli, na tumo sisi watumishi wa ofisi, wenye kushinda na majalada. Hatukai mji mmoja. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Morogoro, wengine Dodoma na Tanga. Kila baada ya majuma mawili, kila mmoja hunasa wimbo mmoja kwa simu yake na kuwapelekea wenziwe. Mwenye piano ya kweli ni mmoja tu, nayo humsumbua, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu: mbao huvimba, vibao hukwama, na sauti za nyuzi hupotoka kabla ya fundi kupatikana. Sisi wengine twatumia vinanda vya umeme, na vingi vina vibao 61, hali piano kamili ina 88. Kwa hiyo twachagua nyimbo kama mtu achaguaye kitambaa kulingana na fedha aliyo nayo. Nyimbo za karne ya 18 zatufaa sana, kwa kuwa vinanda vya siku zile navyo havikuwa na vibao vingi. Ndiyo maana karibu kila mmoja wetu alianza na ile Minueti ya Sol iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni ya mumewe, Johann Sebastian, na sasa yafahamika kuwa ilitungwa na Christian Petzold.

Kunasa sauti si jambo geni kwetu. Edison alibuni santuri yake mwaka 1877, na mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay akaimba mbele ya mitambo, na sauti yake ikafika katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona. Lakini santuri ile ilikuwa kazi iliyokamilika, ikaletwa sokoni. Rekodi za mtu wa ridhaa ni kitu kingine. Hizo ni kazi ambazo hazijaiva, ambazo mwenyewe anazitoa zikiwa bado mbichi ili aambiwe ziongezwe moto upande gani. Aidha, mtu apigapo kinanda husikia kile alichokusudia. Vidole vyake vikikosea, nia yake hujaza pengo. Simu haijui nia. Yaliyopigwa ndiyo iyarudishayo, pamoja na kiti kinacholia na jogoo wa jirani. Aisikiaye rekodi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza hushangaa kama ajionaye kwenye picha kwa upande wa kisogo.

Hata hivyo, kujisikia mwenyewe hakutoshi. Sikio la mtu lina huruma na mwenyewe. Yahitajika la mwenzake. Na hapa ndipo penye hatari, kwa sababu mwenzake naye ana haya. Sisi ni watu wa heshima, na mara nyingi twadhani kwamba heshima ni kusifu. Rekodi ikifika, mmoja husema hongera, wa pili husema hongera sana, wa tatu huongeza kwamba Mungu azidi kumbariki, na mpigaji hubaki pale pale alipokuwa. Sifa ya namna hiyo ni kama chai isiyo na majani: ina joto na sukari, lakini haina chai.

Tulifundishwa jambo hili na mzee wetu wa reli. Alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Alipopata nafuu kidogo akarudi kwenye kinanda na kuanza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Hili si jambo lisilo na mfano. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria, alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akaendelea kupiga, na Maurice Ravel akamtungia kazi kubwa ya mkono wa kushoto iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932. Mzee alituletea rekodi tatu, moja baada ya nyingine, na mara zote tatu tulimjibu kwa pongezi tupu. Baada ya ile ya tatu akatuandikia: "Mkono ndio uliopooza, wanangu. Masikio yangu mazima."

Siku mbili hatukumjibu kitu. Kisha fundi cherehani, ambaye ndiye mdogo kuliko sote, akasema, "Shikamoo Mzee. Naomba radhi kwa nitakalolisema. Katika kipimo cha 12 kidole gumba ndicho kinachobeba wimbo, lakini chapiga kwa nguvu sawasawa na vidole vinavyosindikiza, kwa hiyo wimbo unazama. Ukivilegeza vile vidole vinne, wimbo utaibuka." Mzee akajibu kwa neno moja, "Marahaba." Majuma mawili baadaye rekodi ikaja, na wimbo ukawa umeibuka. Haukuibuka wote, kwani kidole cha mzee kina mipaka yake, lakini msikilizaji aliweza kuufuata tangu mwanzo hadi mwisho. Tukafahamu kwamba pongezi zetu za huruma zilikuwa zimemweka mzee yule nje ya safu ya wapigaji, akawa mgonjwa wa kutazamwa. Kijana aliyemkosoa ndiye aliyemrudisha ndani.

Washairi wa Kiswahili hawatalishangaa jambo hili, maana wao walilijua zamani. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, watu waliokuwa hawajaonana uso kwa uso walipelekeana mashairi, wakajibizana, wakaulizana mafumbo, na aliyepotoka kina aliambiwa hadharani kwamba kina chake kimepotoka. Wengi wao walikuwa makarani, walimu na wakulima. Walitunga kwa ridhaa. Kisha Sheikh Kaluta Amri Abedi akatoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na mambo ya vina na mizani yakawa na kipimo kilichoandikwa ambacho mkosoaji na mkosolewa waliweza kukirejea wote wawili. Hapo pana siri kubwa. Ukosoaji usio na kipimo cha pamoja huwa ni ugomvi wa tabia: mimi napenda, wewe hupendi. Ukiwapo kipimo, mkosoaji humwelekeza mwenzake mahali, na wote wawili huenda kupatazama mahali pale.

Kwa ajili hiyo kikundi chetu kimejiwekea utaratibu mfupi. Asikilizaye lazima asikilize mara mbili kabla ya kusema. Akisema, ataje nambari ya kipimo, kama vile katika ofisi dokezo litajavyo folio ya jalada. Haruhusiwi kusema "mbaya," wala haruhusiwi kusema "nzuri" akaishia hapo. Kusema kwamba mkono wa kushoto wakimbia kuanzia kipimo cha 17 ni msaada. Kusema kwamba kanyagio halikuachiwa palipobadilika sauti, na kwa hiyo mbili zikachanganyikana kama wino uliomwagikiwa maji, ni msaada mkubwa zaidi. Aliyekosolewa naye hana ruhusa ya kujitetea siku ile ile. Alale kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, lakini ndilo lililookoa urafiki wetu mara nyingi.

Tungeweza kuishia hapo kama manufaa ya jambo hili yangekuwa ni kurekebisha vidole tu. Lakini kulitokea jambo jingine ambalo lilitufanya tuione piano yenyewe kwa jicho jipya. Mwalimu wa hesabu alichukua wimbo mmoja wa Wagogo, akaupangia sauti za piano, akatuletea. Kwa masikio yetu sisi watu wa pwani ulikuwa mzuri mno, na hatukuona pa kutia mkono. Muuguzi, ambaye alikulia Dodoma, na ambaye mama yake alikuwa akipiga ngoma za muheme pamoja na wanawake wenzake, alisikiliza mara mbili kama ilivyo desturi, kisha akaandika: "Mwalimu, sauti ya nne katika kila mstari iko juu kidogo. Sisi hatuiimbi hivyo. Si kosa lako. Sidhani kama kinanda chako kinayo."

Alisema kweli, na sababu yake yaelezeka. Piano hukatwa katika hatua 12 zilizo sawa katika kila nane, na kati ya kibao na kibao hapana njia. Lakini uzi mmoja ukipigwa, ndani ya sauti yake huzaliwa sauti nyingine za juu kwa mpango wa maumbile, na wataalamu wa muziki wameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo wafuata sauti hizo za maumbile. Ya saba miongoni mwao iko chini ya kibao cha piano kilicho karibu nayo kwa kadiri ya theluthi moja ya hatua. Ni tofauti ndogo, lakini aliyenyonyeshwa nayo huisikia kama sisi tusikiavyo mgeni akitamka "ng'ombe" bila ya king'ong'o. Mwenye marimba ya ilimba au zeze huitengeneza sauti hiyo apendavyo. Mwenye piano hana la kufanya.

Tulijadili kwa majuma kadha. Mmoja alishauri wimbo uachwe, kwamba ni kuudhulumu kuuingiza katika sanduku lisilotosha. Mwingine alisema nyimbo husafiri na kubadilika, na kwamba hata taarabu ilikuja kutoka ng'ambo ikawa yetu. Mwisho mwalimu mwenyewe akapata shauri. Aliunasa wimbo upya, na kila alipofika kwenye sauti ya nne aliinua mkono na kuiacha piano ikanyamaza. Na katika ukimya ule muuguzi akaiimba sauti ile mwenyewe, kama mama yake alivyokuwa akiiimba. Rekodi hiyo tunayo. Hatujui kama ni muziki wa Kizungu au wa Kigogo, wala hatuoni haja ya kuamua. Tujualo ni kwamba isingalikuwapo bila ya mtu aliyethubutu kusema, "Sisi hatuiimbi hivyo."

Wapiga piano wa ridhaa wamejaa duniani. Paris wana mashindano yao tangu mwaka 1989, na Fort Worth, Marekani, tangu mwaka 1999, ambako madaktari na wanasheria hupiga mbele ya waamuzi. Hatuwaonei kijicho, wala hatuoni ubaya wa shindano. Lakini mshindi wa shindano ni mmoja, na akishapatikana wengine hurudi kwao. Katika kusikilizana hakuna anayerudi mikono mitupu, kwa kuwa hata mkosoaji hujifunza: ili aseme kipimo cha 17 kina nini, lazima naye akifungue kinanda chake akijaribu.

Kwa hiyo twawashauri vijana wanaojifunza chombo chochote, kiwe piano, kiwe udi, kiwe zeze, wasiogope kunasa sauti zao zikiwa bado mbichi na kuwapelekea wenzao. Wachague watu wachache wanaowaamini kuliko watu wengi wanaowasifu. Wawaombe neno moja la kweli, lenye nambari ya kipimo. Na sisi wazee, tuletewapo kazi hizo, tusijifiche nyuma ya hongera. Tusikilize mara mbili, kisha tuseme. Waswahili walinena kwamba mficha uchi hazai. Nasi twaona kwamba mwenye kuficha rekodi zake hatakua, wala hatamkuza mwenzake.