Uraia wa Mtoto na Neno Moja: AU

Haya wasomaji, leo tuweke kando seva na hifadhidata, ingawa mkinivumilia mtaona hatujaenda mbali.

Sheria ya uraia ni programu. Katika Katiba ya Kenya ya zamani, ile ya tangu uhuru, mtoto aliyezaliwa nje alikuwa raia ikiwa baba yake ni raia wa Kenya. Mama hakuwemo kabisa kwenye msimbo. Binti wa Mwingi akijifungua London kwa mume Mwingereza, mtoto hakuwa Mkenya kwa kuzaliwa, hata mama awe na kitambulisho na shamba la ndengu kwao.

Tarehe 27 Agosti 2010 likaingia neno dogo: AU. Ibara ya 14 ya Katiba mpya inasema mtoto ni raia ikiwa, siku anayozaliwa, mama au baba ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Tena inarudi nyuma mpaka kwa waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Anayejua kazi ya kurekebisha data ya zamani atawapa heko. (Huku kwetu Kitui na Makueni, mila ya iweto iliruhusu mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto wakahesabiwa wa nyumba yake. Wazee walikuwa na AU yao.)

Basi msimbo ni mzuri. Shida iko kwenye karatasi.

Wasichana wengi wa Ukambani huenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Akijifungua huko bila cheti cha ndoa, anaogopa kukamatwa, na mtoto anakosa cheti cha kuzaliwa. Binamu yangu wa Wote yuko Riyadh katika hali hiyo, na mtoto wa miaka 3. Kisheria huyo ni Mkenya tangu pumzi ya kwanza. Lakini hakuna karatasi inayosema mama yake ni nani, na bila hiyo hapati hati ya kusafiria.

Shangazi akaniambia, "Wewe si mtu wa kompyuta? Mwandikishe tu kwa mtandao." Nikajaribu. Fomu inadai nambari ya cheti cha kuzaliwa, kisanduku chenye nyota nyekundu. Ukikiacha wazi, haisongi.

Kilichobaki ni DNA. Sampuli zilichukuliwa mwezi Machi, majibu bado. Shangazi amekwisha kumpa mtoto jina la mama yake mzazi, na humwita kwa jina hilo kwenye simu.