Kutoka Wodini, Sehemu ya 7: Ile droni ya harusini

Niliahidi leo tuongee kuhusu kuharisha kwa watoto. Mtanisamehe, kuna jambo limenikaa kooni tangu Desemba.

Kijana wa kaka yangu ana droni. Aliinunua kwa hela ya ng'ombe wawili, na baba yake mpaka leo hajamaliza kulalamika. Jioni anairusha juu ya migomba, watoto wanamkimbilia wakipiga kelele. Siku ya kwanza hata mimi niliipungia mkono, mtu mzima na yunifomu yangu.

Desemba akaitwa kwenye harusi, kijiji kimoja huku Tarime. Akapiga video, usiku akaitupia mtandaoni. Mimi nimetoka shifti, miguu imevimba, naangalia watu wanavyocheza, nacheka peke yangu. Mara kamera ikapita juu ya uzio wa jirani. Uani kuna msichana anaosha vyombo, kavaa sweta la njano. Nikakaa wima. Lile sweta nilimpa mimi.

Sitasema mengi juu yake. Hakuwa kwao, na alikuwa na sababu ya kutokuwa kwao. Nyie wa Tarime na Serengeti mnajua Desemba ni mwezi gani kwetu. Kwa walio mbali: ni msimu wa ukeketaji. Tangu 1998 sheria inasema anayemlea mtoto wa chini ya miaka 18 akamkeketesha anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, na bado wasichana wanakimbia makwao usiku. Nimewashika mikono wanaovuja damu, nimewapokea wengine miaka baadaye wakichanika vibaya leba. Kwa hiyo lile sweta mtandaoni sikuliona kama nguo.

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Futa hiyo video sasa hivi."

"Kwani kuna nini? Mimi narusha kwa kujifurahisha tu, hiyo inaruhusiwa."

"Walikupa shilingi ngapi?"

Kimya. Halafu: "Elfu themanini. Lakini hiyo ni ya soda tu, shangazi."

Akafuta. Ila ilishaingia kwenye magrupu ya ukoo, na huko hakuna wa kufuta. Usiku huohuo binti alipandishwa bodaboda, akahamishiwa kwingine. Yuko salama, msiniulize wapi.

Kesho yake kijana alikuja, tukakaa chini ya mwembe na simu zetu, tukasoma. Kanuni za droni za 2018, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), zinamtenganisha anayerusha kwa burudani na anayerusha kibiashara. Ukishalipwa kwa picha umetoka kwenye kucheza, hata ukiiita ya soda. Lakini kilichomshtua zaidi ni kwamba hata wa burudani hajaachiwa anga wazi: kuna usajili, kuna kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo lazima ihusike. Hifadhini Serengeti ndiyo usithubutu bila ruhusa ya TANAPA. Yeye hakuwa na karatasi hata moja, ukiacha risiti ya dukani.

Niwaambie ukweli, mimi ile tofauti ya hobi na biashara hainitoshi. Angerusha bure, yule binti angeonekana vilevile. Kwangu mimi swali la kwanza ni nani yuko chini ya kamera na kama ameulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtoto wako inahusika humo. Siku ya kliniki mko chini ya mti, mmefungua vifua mnanyonyesha, kitu kikivuma juu mna haki ya kuuliza ni cha nani.

Wala siichukii droni yenyewe. Pale Mugumu, shirika la Hope for Girls and Women la mama Rhobi Samwelly lilitumia picha za droni na ramani, wakisaidiana na watu wa kujitolea wa Crowd2Map, ili vijiji visivyokuwa kwenye ramani yoyote viweze kufikiwa msichana anapohitaji kuokolewa. Na mwaka 2018 droni ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kama kilomita 60 juu ya maji, kwa dakika 40 hivi. Nani asiyeitaka hiyo, ukiwa na mama anayetoka damu kisiwani?

Kijana ameanza kufuatilia vibali. Ile 80,000 alitaka kunipa nimpelekee binti, nikamwambia ampe aliyemficha, maana gharama ni zake. Droni iko juu ya kabati. Kaka yangu kila akiingia chumbani anaitazama, anasema, "Ng'ombe zangu mbili zimelala huko juu, hata maziwa hazitoi."

Kuharisha ni Jumapili, kweli safari hii.