Rubondo: Wageni Waliofanywa Wenyeji

Kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, kipo kisiwa kinachomhadaa mgeni kwa ukimya wake. Rubondo kina urefu wa takribani kilomita 28, na karibu kote kumefunikwa na msitu. Anayekiendea kwa boti kutoka Nkome au Kasenda huona kwanza weusi wa miti iliyoinamia maji, kisha furukombe juu ya tawi kavu, kisha mamba anayejianika mwambani. Hakuna kijiji wala moshi wa meko. Basi husema moyoni kwamba hapa ndipo mahali palipobaki kama palivyoumbwa.

Neno linalomjia ulimini upesi ni ‘asili’. Katika Kiswahili chetu neno hili limebebeshwa mengi: misitu ya asili, dawa za asili, wenyeji wa asili. Rubondo hulidai neno hilo lijieleze upya. Ukimya ule una tarehe. Kisiwa kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na Wazinza waliokuwa wakiishi humo kwa kuvua na kulima walihamishiwa bara katika miaka hiyo ya 1960. Watu walipotoka, wanyama wakaingizwa. Waliletwa tembo, twiga, mbega, faru weusi na korongo. Faru waliangamia, na korongo nao hawakudumu. Mwaka 2000 walifuatia kasuku wa kijivu walionyang’anywa wafanyabiashara wa magendo.

Walio na kisa cha ajabu zaidi ni sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alisimamia kuachiliwa kwa sokwe 17 kisiwani. Walikuwa wametekwa Afrika Magharibi wakiwa wachanga, wakakulia Ulaya katika bustani za wanyama na sarakasi. Rubondo haikuwa kwao. Hakukuwa na sokwe hapo kabla yao. Hakuna aliyewafunza kutambua tunda liliwalo wala kutandika kiota mtini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walijitafutia jembe wenyewe. Wengine waliendelea kuwafuata binadamu kwa mazoea ya kizimbani, na madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Waliosalia walizama msituni, wakazaana, na leo idadi yao imezidi maradufu ya ile ya awali. Vizazi vilivyofuata viliwakimbia watu kwa miaka mingi, hata ikabidi watafiti na askari wa hifadhi watumie subira kubwa kuvizoesha tena macho ya binadamu.

Mwenyeji halisi hana mbwembwe. Ni nzohe, swala wa matete, mwenye kwato ndefu zilizopanuka ambazo humwezesha kutembea juu ya kinamasi bila kudidimia. Akiogopa hujitosa majini na kuacha pua tu juu. Wageni wengi humpita wakiharakisha kuwatafuta sokwe. Inasikitisha kidogo, kwani mwili wake wote ni hati ya umiliki wa mahali pale, hati ambayo sokwe hana na ambayo Mzinza hakuulizwa.

Hata hivyo, si haki kuusoma mkasa huu kama dhuluma tupu. Uvuvi umepigwa marufuku katika maji ya hifadhi, na humo sato na sangara huzaliana kwa amani kabla ya kutawanyika ziwani. Mvuvi wa Nkome anayezuiwa kukisogelea kisiwa huenda akavua kesho samaki aliyelelewa huko. Ila samaki hawezi kumlipa mtu kaburi la babu yake, na swali la nani alipaswa kuondoka ili nani apate makao haliko katika simulizi nyingi wanazopewa watalii.

Usiku, mgeni aliyelala karibu na ufuo wa Kageye husikia viboko wakipanda nchi kavu kula majani. Mbali, nje ya mpaka wa hifadhi, taa za wavuvi wa dagaa huwaka juu ya maji moja baada ya nyingine, zikielea huku na huko hadi karibu na alfajiri.