Barua kutoka Doornfontein: Mikono ya Tendaguru

Dada yangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu wanangu wametoa wapi maneno yote haya ya sumaku na umeme, nikakuahidi kukuandikia. Habari yenyewe ni ndefu, tena kwa kuwa wewe ni mwalimu, nina ombi kwako.

Kwanza uelewe wanavyoishi. Doornfontein iko mashariki tu ya katikati ya jiji. Johannesburg ilipoanza, matajiri wa dhahabu walijenga majumba yao hapa, halafu wakahamia Parktown, mbali na vumbi la migodi. Leo ni maghala, viwanda vidogo, hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, na maghorofa kama hili letu. Uwanja wa Ellis Park uko jirani. Siku ya mechi makelele yanaingia mpaka chumbani. Watoto hawatoki peke yao. Kuna magari, kuna vibaka, na tangu zile vurugu dhidi ya wageni za Septemba 2019 zilizowaka Jeppestown hapa karibu, mzazi mgeni hana moyo wa kumwacha mtoto acheze barabarani. Kwa hiyo kutwa ni usiguse, usitoke, usiokote hicho. Mdogo amefika hatua ya kunitazama usoni kwanza kabla hajashika kitu chochote. Dada, hilo liliniuma sana.

Ndipo nikawapeleka Sci-Bono. Ni kituo cha sayansi kilichoko Newtown, upande wa pili wa katikati ya jiji, ndani ya karakana kuukuu ya umeme: ukuta wa matofali, dari juu kabisa, chuma kila mahali. Idara ya Elimu ya mkoa wa Gauteng ina mkono wake pale, na siku za shule utakuta mabasi ya wanafunzi yamepanga mstari. Sisi tulipanda Rea Vaya, basi lenye njia yake lenyewe kama mwendokasi wa Dar, lakini hili lilianza mapema zaidi, mwaka 2009.

Mle ndani kazi ya mtoto ni kushika. Zungusha mpini, taa iwake. Vuta kamba, uone mzigo unavyokuwa mwepesi ukipitia kwenye makapi mengi kuliko kwenye moja. Mdogo alisimama mbele ya kifaa cha kwanza mikono nyuma, akanitazama. Nikamwambia, "Shika, mwanangu." Hakuamini. Kijana mmoja wa pale, mwenye fulana ya kazi, akachuchumaa, akamwonyesha mpini, kisha akanyamaza. Hakueleza neno. Alingoja mtoto azungushe, taa iwake, azungushe polepole, taa ififie, mpaka mwenyewe akauliza kwa Kizulu cha mtaani kwetu ule mwanga unatoka wapi. Hapo ndipo kijana alipoanza kusema. Nimesoma miaka mingi, dada, na sikumbuki mwalimu aliyewahi kuningoja hivyo.

Mkubwa yeye ni mtu wa mifupa. Tulikuwa tumeshampeleka Maropeng, nje ya jiji kaskazini magharibi, kwenye yale maeneo wanayoyaita Chimbuko la Binadamu, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Pale unapanda mashua chini ya ardhi, unapita kwenye barafu na moto jinsi dunia ilivyokuwa ikiumbika, kisha unapokewa na habari za mafuvu: Mrs Ples wa Sterkfontein aliyepatikana 1947, na Homo naledi aliyetangazwa 2015. Alipotoka akaniuliza, "Mama, na kwetu yapo?"

Nikamwambia yapo. Nikamweleza Olduvai na fuvu la Zinjanthropus aliloligundua Mary Leakey mwaka 1959. Nikamweleza Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeona kipande kidogo cha fuvu kule Turkana mwaka 1984, na kipande hicho kikaleta karibu mifupa yote ya kijana mmoja wa kale. Halafu nikafika Tendaguru, na hapo sauti yangu mwenyewe ikabadilika, maana hapo ni nyumbani.

Wewe unakijua kile kilima, ni mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka mjini kwenu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Vitabu vinawataja viongozi wao, Janensch na Hennig. Lakini waliochimba, wakasafisha, wakafunga na kubeba ni watu wa kusini, mamia kwa mamia, katika nchi iliyokuwa bado na majeraha ya vita vya Majimaji. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa bandarini Lindi, nyingi zikiwa vichwani na mabegani mwao. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa kwenye mwamba bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka pale amesimama Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi, na watoto wa Ujerumani hupelekwa na shule zao kumtazama.

Nakuuliza kwa uchungu: katika darasa lako, ni wangapi wanalijua jina la Boheti? Sayansi ile iliingia duniani kwa mikono ya mababu wa wanafunzi wako. Mifupa irudi au isirudi ni vita ya wakubwa, nami naunga mkono irudi. Lakini mtoto aliye darasa la tatu leo hawezi kuwangoja wakubwa wamalize.

Na usiniambie hakuna jengo kama la Sci-Bono. Frank Oppenheimer, aliyeanzisha Exploratorium ya San Francisco mwaka 1969, makumbusho yaliyowafundisha wengi duniani mtindo huu wa kushika, alikuwa amesukumwa nje ya chuo kikuu kwa sababu za siasa akaja kufundisha sekondari ya mji mdogo Colorado. Alitumia vyuma chakavu. Wanangu wanapanda basi kwenda kushika vitu. Wako wana mikoko, matumbawe, kaa, na udongo wenye historia hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuchuchumaa, aonyeshe, halafu anyamaze.

Ombi langu ndilo hili. Waambie wakusanye mifupa: ya samaki, ya kuku, ya mbuzi wa Idi. Ichemsheni, ianikeni juani, muipange mezani, kila mtoto ashike na kukisia ni kiungo gani. Nitakutumia vioo vya kukuza, vya bei ndogo vipo tele madukani hapa, kwa mkono wa mtu atakayekuja Dar likizo ya Desemba. Mkubwa anataka aandikiwe majibu ya wanafunzi wako, na amenisisitiza nikwambie: waruhusu pia kukosea kukisia, maana Sci-Bono hakuna aliyemkemea.

Mdogo wako,
Doornfontein, Johannesburg