Mimi, Mume Wangu na Mustang

Kuna wanawake wanaonunua mkoba mpya na kuuficha chini ya kitanda. Mimi nilirudi nyumbani na Ford Mustang GT nyekundu, injini ya V8. Kitu kama hicho hakifichiki, kinaunguruma! Sijakata hata kona ya mtaa wetu, baba watoto kashatoka barazani.

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Hii ndiyo nini?"

"Gari," nikajibu.

Akaingia ndani. Wiki tatu tukawa tunasalimiana tu, kama wapangaji wa vyumba viwili tofauti.

Tunaishi Michigan, Marekani, nje kidogo ya Detroit. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, yeye kazi yake ni ya mchana. Kwa miaka 12 tumetumia gari la familia la viti saba, na kila kiti kilikuwa na mwenyewe: watoto, mgeni aliyetua juzi kutoka Dar, mama wa kanisani asiye na usafiri, masufuria ya sherehe ya watu. Na hela zangu zilikuwa hivyo hivyo. Ada ya mdogo wangu, bati za nyumba ya Kigamboni. Nilipotimiza miaka 45 nikajiuliza, hivi cha kwangu ni kipi?

Kwa nini Mustang? Magari ya aina hii Wamarekani wanayaita magari ya misuli: bodi ya kawaida, injini kubwa kupita kiasi. Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, bei ikianzia dola 2,368, na ndani ya miaka miwili yalishatengenezwa milioni moja. Langu ni la mwaka 2015, nimelinunua mkononi mwa mtu, na lilitengenezwa Flat Rock, hapa hapa Michigan. Lita tano, nguvu za farasi 435, gia sita za mkono. Halafu si kama yale ya kizamani yaliyojua kwenda mbele tu. Kuanzia toleo hilo kila tairi la nyuma linacheza peke yake, kwa hiyo kona unaikata bila kurushwarushwa.

Raha yake, jamani! Asubuhi nikitoka zamu, miguu imekufa ganzi, nabonyeza kitufe. Injini inakohoa mara moja, kisha inatulia kwenye muungurumo unaousikia hadi mgongoni. Nikiingiza gia ya tatu kwenye barabara kuu, usiku mzima wa kengele za wodini unabaki nyuma huko. Kwenye taa, vijana wanachungulia wakitegemea kumwona kijana mwenzao. Wanakuta mama na kilemba chake. Wanapiga saluti!

Gharama sitawaficha. Mafuta linakunywa: mjini galoni moja ni kama maili 15 tu. Bima imepanda, matairi ya nyuma yanalika haraka. Theluji ikianza linalala gereji chini ya turubai, maana nguvu yote inakwenda nyuma, na kwenye barafu huo si mchezo.

Sasa turudi kwa mzee. Jumamosi moja ya Agosti watoto walikuwa kambini. Nikamwambia, "Baba, twende Woodward." Hiyo ni barabara inayotoka katikati ya Detroit kwenda Pontiac. Vijana wa miaka ya 1960 walishindana mbio pale, na tangu mwaka 1995 hufanyika gwaride kubwa la magari kila Agosti. Akapanda, mikono kifuani, kimya.

Tukakwama kwenye foleni, Camaro mbele, Challenger pembeni. Yeye na mimi tu. Viti vya nyuma vya Mustang ni vya mikoba, mtu mzima hakai. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho tulipokuwa wawili peke yetu ndani ya gari. Sikukumbuka.

"Sikukasirikia gari," akasema mwishowe. "Nilikasirika kwa sababu hukuniambia. Nikawa najiuliza, mke wangu ana mipango mingapi nisiyoijua?"

Nikameza mate. "Niliogopa ungekataa. Na ungekataa, ningekubali. Mimi kila kitu nakubali."

Akafikiri. Mzee mmoja akapita akitupigia honi na kutuonyesha dole gumba.

"Kweli," akasema, "ningekataa."

Tukacheka mpaka machozi. Nikamwomba msamaha kwa kumficha, naye akaniomba msamaha kwa ile "hapana" ambayo hata hakuwahi kuitamka. Kurudi aliendesha yeye. Alilizimisha kwenye taa mara mbili, maana gia za mkono hakuzigusa tangu Dar. Sikumcheka. Sana.

Siku hizi Jumapili jioni ni yetu. Watu wakiomba lifti, tunawaambia gari limejaa, na ni kweli limejaa.

Shoga yangu, sikwambii ukanunue V8, na kununua kwa siri usinifuate kabisa. Ila angalieni gari lenu, nyumba yenu na wiki yenu. Kama kila nafasi imeshachukuliwa na watu wengine, nyinyi wawili mnakaa wapi?